Mkunga wa Magdeburg, Mkunga wa Hasselrode

Magdeburg, 20 Septemba 1868

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mbuzi pia. Mimi sijambo. Jemu ya plamu imefika, chupa mbili kati ya tatu. Ya tatu imefika kama habari tu, maana kifurushi kizima kilikuwa kimelowa zambarau. Bi Hempel, mama mwenye nyumba, anakusalimu na anauliza plamu zako unazichemsha na nini. Nimemwambia sijui, na kwamba hata ningejua nisingesema.

Msimu umefunguliwa na watu ni wengi. Tumepata mwimbaji mpya kutoka Dessau, Bi Klothilde Assmann. Ana miaka kumi na tisa na anaimba vizuri, nalisema mapema usije ukadhani nakuficha. Amepewa sehemu za vijakazi katika opera mbili ambazo nimeziimba mimi miaka kumi na mmoja. Ni kwa majuma machache tu. Mkurugenzi wetu, Bwana Quast, aliniita ofisini.

"Bi Wiechmann, una umri gani sasa?"

"Ule ule wa mwaka jana."

"Mwaka jana gazeti liliandika ishirini na tisa."

"Basi ni huo."

Akatazama dirishani muda mrefu, na dirisha lake linatazamana na ukuta. Kisha akasema ipo kazi nyingine mle mle ndani, nyepesi kwa koo. Nimeikubali. Nitakueleza ikishatulia.

Sasa nina maswali, na tafadhali usiniulize ya nini. Ukipanda ngazi, unashika goti lipi? Ugoro unaanzia tundu la pua la kulia au la kushoto? Na unapotaka kumwambia mwanamume kwamba ni mjinga, mdomo unaufanyaje kabla hujasema? Tumeishi nyumba moja miaka kumi na minane na sikukutazama vizuri.

Binti yako,
Dorette


Hasselrode, 11 Oktoba 1868

Mwanangu Dorette,

Marahaba. Mimi mzima. Mbuzi hakuwa mzima ila sasa ni mzima. Alikula kitambaa cha madhabahu kilichokuwa kimeanikwa uani kwa mchungaji. Mchungaji anasema ni dhambi, lakini hajasema ni ya nani.

Theluji imeshaonekana mlimani. Mke wa mhunzi Brandes amejifungua mtoto wa sita. Nasikia mtoto alitanguliza makalio, na nasikia yote yalikwenda salama. Kuna binti amekuja kutoka shule ya wakunga, anaitwa Henriette Voges. Ana cheti, na ana mkoba mpya unaolia kila ukifunguliwa. Namwonyesha njia za huku, maana cheti hakionyeshi njia.

Umeniuliza mambo matatu ya mwili wangu na hakuna hata moja la afya. Goti la kushoto. Tundu la kulia; la kushoto ni la Jumapili. Mdomo siufanyi kitu, unajifanya wenyewe. Ili nikujibu sawasawa nilisimama mbele ya kioo nikamfikiria daktari wa wilaya. Mdomo wa chini ukapanda ukaufunika wa juu, kama droo inayofungwa, kisha nikavuta pumzi kwa pua. Ndivyo ilivyo.

Nami nina swali moja. Kazi nyepesi kwa koo ni kazi gani, kwa mtu anayeishi kwa koo lake?

Shangazi yako,
Ilsabe


Magdeburg, 22 Novemba 1868

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kitambaa cha madhabahu. Huku mvua na ukungu wa mto. Bi Hempel ameumwa jino na amelitoa mwenyewe, akaniletea nilione.

Kazi inaendelea vizuri. Bi Klothilde alinifuata chumba cha kuvalia juzi. "Dada Dorette," akasema, "ule wimbo wa kijakazi na ndoo, unapumua wapi?" Nikamwambia, "Baada ya ndoo." Akanishukuru. Nikamfundisha na ule wa ufunguo, na ule wa kupepesa macho chini ya meza. Nilimfundisha vizuri kweli kweli. Kisha nikaenda nyumbani nikapasua kuni za Bi Hempel, ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Nina rafiki anayekusanya nguo za zamani za milimani. Ni mtu mwenye elimu. Angefurahi sana kupata ile sketi yako ya kahawia, na kofia ya kitambaa yenye kamba. Zikiwa zimechakaa ndiyo bora, kwa ajili ya elimu.

Swali lako nimelisoma. Nitalijibu.

Dorette


Hasselrode, 13 Desemba 1868

Mwanangu,

Marahaba. Sketi na kofia vimo humu. Mwambie rafiki yako kwamba doa la kiunoni halitoki. Ni la kijana mkubwa wa Kölling, siku aliyozaliwa, naye sasa ni diwani.

Henriette hajambo. Anajifunza. Ameacha kuufungua mkoba mbele ya wazazi.

Sasa sikia. Wiki iliyopita alipita Bwana Lüdecke, yule mwuza nyuzi na vifungo, akitokea Magdeburg. Nikapanda juu kumletea mkasi wa kunoa. Niliposhuka nikamkuta amekaa juu ya kasha, uso umemwiva.

"Bwana Lüdecke, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama Ilsabe. Hebu panda tena."

"Nipande kufanya nini? Mkasi si huu?"

"Panda tu, nakuomba."

"Mimi si kuku."

Hapo akaanza kulia machozi, na hayakuwa ya msiba. Alipotulia akaniuliza kama nimewahi kumzalisha baroni. Nikamwambia nimezalisha watu wanaofaa. Akatoka nje bila kuaga, nikamwona dirishani ameegemea farasi wake, mabega yanatikisika. Farasi naye alikuwa ananitazama.

Magdeburg kuna nini, Dorette?

Ilsabe


Magdeburg, 17 Januari 1869

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mafua, kisha kwa sababu ya Krismasi, kisha kwa sababu ya woga.

Kuna opera mpya ya vichekesho, inaitwa Mrithi wa Ngome. Baroni mnene, bwana wa ngome, anataka kumnyima mtoto mchanga urithi, anadai si wa ukoo wao. Basi anaitwa mkunga mzee wa kijijini, aliyewazalisha wote pale ngomeni, baroni mwenyewe akiwemo. Mkunga anajua nani ni nani. Huyo mkunga ndiye mimi. Ndiyo kazi nyepesi kwa koo.

Ilikuwa sehemu ndogo ya nyimbo mbili. Mazoezini nilikuwa naimba kama mtu anayeigiza uzee, hata yule bwana anayekaa shimoni kutunong'oneza maneno tukisahau alikuwa anasinzia. Siku ya onyesho la kwanza, kwa hofu tu, nikashika goti la kushoto. Ukumbi ukacheka kabla sijafungua kinywa. Nikavuta ugoro, wakacheka. Nikaifunga ile droo ya mdomo, na Bwana Dreves anayemwimba Baroni, ambaye kwa miaka ishirini hajasahau neno, akasahau.

Tumeshaicheza mara ishirini na sita. Gazeti limeandika kwamba Magdeburg imepata bibi yake. Miaka yote niliyoruka na ndoo, hakuna gazeti lililoandika zaidi ya kwamba nilikuwepo.

Nataka uelewe jambo moja: si wewe. Ni mkunga tu. Wakunga wote wanafanana.

Rafiki yangu anayekusanya nguo anakushukuru kwa sketi.

Dorette


Hasselrode, 28 Februari 1869

Dorette,

Salamu. Mbuzi mzima.

Barua yako nimeisoma. Bwana Lüdecke amerudi na gazeti, likasomwa baa, kisha likasomwa kwa mchungaji. Watoto wakitoka shuleni wanapanda ngazi za kanisa wameshika goti la kushoto. Mke wa mwenye kinu alinisalimia huku anatazama viatu vyake.

Tangu mwaka uanze hakuna mtu aliyegonga mlango wangu. Wanamwita binti mwenye mkoba. Sisemi ni kwa sababu yako. Nimesema tu kwamba hawagongi.

Wakunga wote hawafanani.

Ilsabe Wiechmann


Magdeburg, 16 Machi 1869

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimeshavaa sketi yako, zimebaki dakika chache nipande jukwaani. Nikapanda. Lakini aliyepanda alikuwa mkunga mwingine, asiyetembea kama mtu yeyote ninayemjua. Goti sikushika. Ugoro nimemwomba mtunza vifaa auondoe. Tangu siku hiyo namwimba hivyo, na watu hawacheki, jambo ambalo limefanya muziki usikike vizuri.

Bwana Quast alinisubiri pembeni ya pazia.

"Bi Wiechmann, yule mkunga yuko wapi?"

"Amerudi kwao."

"Atarudi lini?"

"Hajasema."

Akaniacha nipite. Si mtu mbaya.

Huenda nikahama Magdeburg mwishoni mwa Aprili. Kule Stralsund kuna kundi linalozunguka kwa magari ya farasi. Ndiko nilikoanzia nikiwa na miaka kumi na tisa, nikawa nalala juu ya sanduku la mapazia. Nimeandika kuuliza. Sanduku bado lipo.

Nisamehe. Sikuwaza kwamba kicheko kinaweza kusafiri mpaka Hasselrode.

Dorette


Magdeburg, 5 Aprili 1869

Shangazi,

Juzi Jumamosi ulikuwa Magdeburg. Usikatae.

Tulikuwa katika sehemu ya pili. Bwana Dreves amevaa mto wake tumboni, amenyoosha kidole kwenye kitanda cha mtoto, anaimba, "Ewe bibi, huyu ni wa nani?" Mimi natakiwa nijibu. Kabla sijajibu, mtu akakohoa katika roshani ya juu kabisa.

Nakijua kikohozi hicho. Hasselrode kikisikika mlangoni wanaume wote hutoka chumbani, mwenye nyumba akiwa wa kwanza. Bwana Dreves hakujui wala hajafika milimani, lakini alirudi nyuma hatua mbili. Mpiga filimbi alinyamaza. Na mdomo wangu, Shangazi, ukajifunga wenyewe. Sikuufunga mimi.

Ukumbi ulicheka mpaka kiongozi wa okestra akaweka fimbo chini akaketi. Tulirudia wimbo ule mara tatu. Pazia la mwisho lilipoanguka nilikimbilia juu roshanini na sketi ile ile. Palikuwa na mama mmoja mfua nguo anakusanya maganda ya tufaha.

"Bibi aliyekaa hapa yuko wapi?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Si ndiye wewe?"

Akaniambia umeondoka kabla ya sehemu ya tatu, unawahi gari moshi. Kwa nini hukuja nyuma ya jukwaa? Nina kitanda. Nina soseji. Bi Hempel angekuonyesha jino.

Bwana Quast amenipa mkataba wa miaka mitatu. Sikukuambia kwamba ule wa kwanza alikuwa ameshauvunja. Sasa nimekuambia.

Dorette


Hasselrode, 18 Aprili 1869

Mwanangu Dorette,

Salamu nyingi. Mbuzi amezaa wawili. Theluji imekwisha, matope yameanza.

Nilikohoa kwa sababu ya vumbi.

Nilikuja kwa sababu Henriette alinisomea gazeti la Bwana Lüdecke, limeandika kwamba mkunga wa Magdeburg amepoa kama uji wa jana. Nikasema hilo haliwezekani katika ukoo huu, lazima nikaone. Nikapanda gari la posta mpaka Halberstadt, halafu gari moshi. Gari moshi ni kama kuzaa: makelele mengi, halafu umefika.

Juu kule nilikaa na yule mfua nguo. Ni mtu mzuri, alinipa tufaha.

"Zamani huyu alikuwa anachekesha," akaniambia. "Sijui anaumwa?"

"Haumwi. Anamwogopa shangazi yake."

"Shangazi gani huyo?"

"Mtu wa kawaida."

Nikakutazama. Ulikuwa unatembea kama meza. Niliona aibu, na haikuwa ile aibu niliyoitarajia. Ndipo vumbi likanijia.

Sasa nitaandika jambo hili mara moja, na usilirudie katika barua zako. Cheti changu daktari wa wilaya alikichukua mwezi wa Agosti. Mkono wa kulia unatetemeka. Nilikuwa nakata kitovu cha mjukuu wa Kölling nikajikata kidole, na daktari alikuwa amesimama pale pale. Hakunionea. Watu waliacha kugonga tangu hapo, kabla hujavaa sketi wala kujua kama utaivaa. Nilipokuandikia Februari nilijua hivyo. Nilikuwa na hasira, nikatafuta wa kumpa nikakosa, nikakupa wewe. Ndiyo sababu sikuja nyuma ya jukwaa. Ningekaaje kula soseji zako?

Basi endelea, na wacheke. Watoto wa hapa wameshachoka na goti, sasa wanamwiga mchungaji.

Ila ugoro unaushika kwa vidole vitatu. Ni viwili.

Ilsabe


Magdeburg, 9 Mei 1869

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umeniambia nisilirudie, silirudii. Nataja tu kwamba mimi niliondolewa katika vijakazi tarehe kumi na tisa Agosti, mwezi huo huo. Bwana Quast alisema watu wa viti vya mbele wameanza kuona shingo yangu. Nilikuandikia Septemba kana kwamba ni jana yake. Kwa hiyo msimu mzima tumekuwa tukitumiana salamu za uzima, wewe bila cheti na mimi bila ndoo. Tungeokoa stempu.

Vidole viwili, nimeelewa. Kicheko kimeongezeka.

Jumapili ya tarehe ishirini Juni, alasiri, tunaileta opera Halberstadt, siku moja tu. Humu nimeweka tiketi ya kiti cha mbele. Kijiji kizima kitakuja, najua, na daktari pia. Uje ukae mbele yao. Safari hii usikohoe mpaka nikutazame.

Dorette


Hasselrode, 22 Juni 1869

Mwanangu Dorette,

Salamu. Uliona kiti kitupu, na mtu akikuambia nilikataa kuja usimwamini.

Magari tisa yaliondoka hapa Jumapili asubuhi. Mchungaji alifupisha ibada. Daktari na mkewe walitangulia, yeye daktari amevaa koti jeupe na ua. Mimi nilikuwa langoni na kofia ya kanisani, nasubiri gari la Brandes ambalo lilikuwa la mwisho, nikamwona Henriette anakuja mbio, hana hata mkoba. Mke wa mwenye kinu ameshikwa na uchungu, mwezi mmoja kabla ya siku zake, na mtoto amelala mkingamo.

"Daktari yuko wapi?" nikamwuliza.

"Amekwenda Halberstadt kukucheka."

Alisema bila kufikiri, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia radhi tutaitafuta baadaye. Brandes nikamwambia aende zake.

Kule kinuni nikaketi kwenye kiti karibu na kichwa cha mama. Mikono yangu niliikalia, ili isijaribiwe. Henriette ana mikono mizuri, midogo, lakini ilikuwa imeganda.

"Unagusa nini?"

"Sijui, Mama Ilsabe."

"Unajua. Sema."

"Mguu."

"Una kisigino?"

"Hauna."

"Basi huo ni mkono. Uache, umsalimie mtu mwingine. Panda juu kidogo."

"Nimepata kisigino."

"Usivute. Subiri uchungu upite. Mwambie mama jina lako, anadhani wewe ni daktari."

Hapo mama akacheka kidogo, katikati ya yote yale, na tumbo likalegea. Nikasema, "Sasa." Akamgeuza. Ilichukua muda ambao sitauandika. Mtoto alitoka wa buluu, kisha akabadilika. Ni wa kike. Wanataka kumwita Ilsabe, nimewashauri wafikirie tena.

Jua lilikuwa linatua daktari alipofika, na koti lake jeupe. Akamkagua mama, akamkagua mtoto.

"Nani aliyemgeuza?"

"Mimi," Henriette akasema, na ndiyo kweli.

"Na huyu alikuwa anafanya nini hapa?"

"Nimekaa," nikasema.

Akanitazama, na mimi nikamtazama. Nikaona kicheko kinamtoka tumboni, amesafiri nacho njia nzima kutoka Halberstadt. Kikapanda mpaka kooni. Hapo akakimeza. Akavua kofia, akasimama nayo mkononi mpaka nilipotoka mlangoni.

Wanasema ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mchungaji alilia kwa kucheka, mkewe akamshika mkono asianguke. Lakini Brandes ameniambia jambo jingine. Anasema mwishoni, wote wanapokwenda karamuni wakicheza, wewe unabaki. Unakaa kwenye kigoda, unavua viatu, unavipanga sambamba, unaweka mikono mapajani, basi. Huimbi. Anasema hakuna aliyecheka. Alinionyesha jikoni kwangu jinsi ulivyokaa, yule mhunzi na mwili wake ule.

Nilimwambia aondoke.

Mimi sijawahi kukaa hivyo mbele ya mtu. Umelitoa wapi?

Ilsabe


Magdeburg, 27 Juni 1869

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwa mtoto wa kinuni na kwa Henriette. Mwambie namtaka aje Magdeburg nimwonyeshe mji, mkoba auache.

Katika kitabu cha opera imeandikwa: mkunga anatoka pamoja na wengine. Kwa miezi mingi nilitoka pamoja na wengine. Jumamosi ile uliyoondoka kuwahi gari moshi, kila mtu akatoka na mimi sikutoka. Bwana Quast hakuniuliza kwa nini. Sasa ameliandika kitabuni kwa wino.

Ni asubuhi aliyokufa mama. Nilikuwa na miaka tisa, nimelala kwenye benchi nyuma ya jiko, au wewe ulidhani nimelala. Ulitoka chumbani kwake ukafunga mlango taratibu. Ukakaa, ukavua viatu, ukavipanga. Jua lilikuwa dirishani, nawe ukakaa mpaka likafika mezani. Kisha ukavaa viatu ukanipikia uji. Ukaniambia ni homa. Watu wote waliambiwa ni homa. Mtoto mchanga hukumtaja, lakini mimi nilikuwa nimemsikia akilia, mara moja.

Sikuuliza siku ile, na leo siulizi. Nilitaka tu ujue kwamba hukuwa peke yako pale jikoni.

Msimu umefungwa. Nakuja Alhamisi kwa gari la posta, nitakaa mpaka Septemba. Usipike kitu cha pekee.

Dorette